Laptopu ya bei poa: Kabla hujauza mpunga, soma hapa!

  

Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi, maana hayo hayaishi. Tuongelee kitu kinachowakosesha vijana usingizi na kuwatoa wazazi jasho: laptopu. Wataalamu wa lugha wanataka tuiite kompyuta mpakato. Wengine walituletea tarakilishi, wengine ngamizi. Sasa wewe nenda pale mjini Ifakara uulize, "Samahani kaka, mnauza ngamizi?" uone kama hutaelekezwa kwa daktari wa mifugo. Sisi tuseme laptopu, yaishe.

Kwa nini leo? Kwa sababu kila mwaka hapa bondeni mambo mawili hukutana. Mpunga unavunwa, na kipindi hicho hicho vijana waliomaliza kidato cha sita wanahangaika na maombi ya vyuo na ya Bodi ya Mikopo, huku waliomaliza vyuo wakihangaika na maombi ya ajira serikalini. Yote hayo siku hizi ni mtandaoni. Kweli, unaweza kuanza na simu. Lakini jaribu kuandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo ya kurasa 30 kwa kidole gumba, halafu uje unisimulie. Hapo ndipo dogo anapomwendea mshua. "Baba, nahitaji laptopu." "Bei gani?" "Zipo za laki tatu, zipo za laki nne..." Mshua kimya. Kichwani anahesabu magunia.

Na magunia yale, jamani, tusidanganyane. Ni kulima kwenye tope, ni palizi, ni kuamia ndege shambani tangu alfajiri mpaka sauti inakauka. Kwa hiyo utani nitautia kidogo, lakini jambo lenyewe halina utani. Mashine ikifa baada ya miezi minane, kilichokufa ni msimu mzima wa mtu.

Sasa nisikilize vizuri. Laptopu ya bei rahisi si dhambi. Sisi akina kabwela tungesubiri za bei mbaya tungezeeka tukisubiri. Ila kila laptopu ya bei rahisi imepunguzwa kitu mahali fulani ili bei ishuke, na kilichopunguzwa ni kama deni ulilochukua siku ya kununua. Kuna deni unaloweza kulipa polepole kwa fundi wa hapa hapa Ifakara. Na kuna deni ambalo hata ngawira ikikutembelea kesho, hulilipi ng'o. Ujanja wote uko hapo.

WALIANZA ZAMANI

Usifikiri tatizo hili ni la Ifakara tu. Mwaka 2005 bwana mmoja wa Marekani, Nicholas Negroponte, alisimama kwenye mkutano mkubwa kule Tunis na kuionyesha dunia laptopu ya mtoto wa shule ambayo ingeuzwa dola 100. Ilikuwa rangi ya kijani na ina mkono wa kuzungusha kama cherehani, eti umeme ukikosekana mtoto ajizungushie mwenyewe. Watu walipiga makofi. Ilipokuja kutoka kweli mwaka 2007, ule mkono haupo na bei imekaribia dola 200. Hata hivyo wapo waliozitumia kwa wingi, na majirani zetu wa Rwanda ni mmojawapo.

Mwaka huo huo wa 2007 kampuni ya ASUS ya Taiwan ikatoa Eee PC, kidude chenye kioo cha inchi 7 na nafasi ya GB 4 tu ya kuhifadhi vitu. Leo GB 4 ni muvi mbili tatu na harusi ya dada yako. Lakini iliuzika, na wenye makampuni wakajifunza kwamba watu wako tayari kupunguziwa mambo mengi mradi bei iwe poa. Mwaka 2011 zikaja Chromebook, ambazo nitazisema huko mbele.

Kenya nako, kwenye kampeni za mwaka 2013, watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laptopu. Mwisho wa siku zikageuka vishikwambi. Hapa kwetu vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Ukitazama historia yote hiyo utaona kitu kimoja: bei haishuki yenyewe, lazima kuna kitu kimenyofolewa. Swali la mnunuzi ni kipi.

KITU NA BOKSI

Aina ya kwanza utakayokutana nayo ni ile mpya kabisa, kitu na boksi, nailoni bado ipo. Ndogo, inchi 11 au 14, nyepesi, imechorwa vizuri, rangi ya bluu au ya fedha. Ndani ina prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Muuzaji anaifuta kwa kitambaa huku anakuchekea.

Nianze na uzuri wake, maana nisiwe kama mama mkwe. Kwanza, ni mpya: betri yake haijachoka. Pili, haili umeme. Ukiwa unaandika tu, inakula wati 8 au 10 hivi, wakati kompyuta ya mezani ya zamani inakula mia na zaidi. Tatu, nyingi hazina feni kabisa, kwa hiyo hazina pa kuvutia vumbi. Nne, uzito ni kilo moja na kidogo. Mwanafunzi anatembea nayo kutwa nzima bila bega kushuka. Kwa kuandika barua, kusoma vitabu, kutunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, inatosha.

Sasa deni. Zile GB 64 si za kwako zote. Windows yenyewe inachukua karibu nusu, halafu kila inapojiboresha inataka nafasi zaidi. Na chombo kile cha kuhifadhia kimechomelewa kwenye bodi. RAM nayo mara nyingi imechomelewa. Maana yake fundi akifungua nyuma hakuna cha kubadilisha, anafunga tu na kukuomba soda.

Namfahamu dogo mmoja wa Mbingu ambaye mama yake aliuza mpunga akamnunulia mashine ya namna hiyo kwenda nayo chuo. Muhula wa kwanza ilikuwa babu kubwa, alikuwa anatembea nayo mpaka kwenye mgahawa. Muhula wa pili ikaanza kumwandikia kwamba nafasi imejaa. Akafuta muziki, ikajaa. Akafuta picha, ikajaa. Ikafika mahali anafungua somo moja, anafunga somo jingine, kama mtu mwenye kiti kimoja na wageni wawili. Dogo si mvivu wala hajui kuharibu vitu. Alinunuliwa deni lisilolipika, na mama yake hakuwa na namna ya kujua. Sasa hivi kazi zake zote anaziweka kwenye flashi na mashine inabaki kama kioo na kibodi tu. Inamsaidia, ndiyo, ila kila akiifungua anaomba Mungu.

Kwa hiyo kama unaitaka ya aina hii, sawa, lakini iwe na GB 128 kwenda juu na RAM GB 8 ikiwezekana. Au ujue kabisa kwamba yako ni ya kuandika na kusoma, basi, habari za kutengeneza biti na kukata video usiziongelee.

MTUMBA WA OFISINI

Aina ya pili ndiyo inayojaza maduka ya Kariakoo na kutufikia huku: mtumba. Wazungu wana ofisi kubwa, na ofisi hizo kila baada ya miaka michache zinabadilisha mashine zote kwa mpigo. Za zamani zinauzwa kwa jumla, zinapita Dubai au zinakuja moja kwa moja, na ndizo hizo unazosikia "hii imetoka Uingereza, bosi". Majina utayaona yale yale: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Si nzuri kwa sura. Nzito, zina kona kama tofali. Bitozi hawezi kuzipenda.

Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya kazi. Bawaba zake za kioo ni imara, kibodi yake unaweza kuandika tasnifu. Na ubora wake mkubwa ni huu: inafunguka. Unatoa skrubu za nyuma, fundi anaona diski, anaona RAM, anaona betri, na kwa nyingi ya hizo kila kimoja kinatoka na kurudi. Diski ya kuzunguka ikichoka unaweka SSD, na mashine iliyokuwa inawaka mpaka unapika chai, inawaka kabla hujakaa vizuri. Hilo ndilo deni linalolipika. Mwaka huu unanunua na RAM GB 4, ukipata mshiko wa kibarua unaongeza ifike 8. Angalizo tu: kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 RAM zimepanda bei dunia nzima, kwa sababu makampuni ya akili mnemba yanazikomba. Kwa hiyo ukiikuta yenye GB 8 tayari, ushike hapo hapo.

Ipo steshenari moja hapa mjini, ya dada mmoja ambaye hataki makuu. Mashine yake ni mtumba mweusi, herufi za kibodi zimefutika, kona moja imebanduka. Lakini kutwa inaandika barua za maombi ya kazi, inajaza fomu za mikopo, inachapa mitihani ya shule. Betri imeshabadilishwa, diski imeshabadilishwa. Ada ya mdogo wake wa sekondari inatoka humo humo. Wateja wakimcheka anawaambia: "Nyie mnaangalia sura, mimi naangalia daftari la mauzo." Nikanyamaza.

Deni la mtumba lipo pia, nisikufiche. Betri nyingi zimekwisha: unachomoa waya, dakika 20 imezima. Nyingine zimetoka Ujerumani, ambako Z na Y zimebadilishana nafasi, ukiandika "zawadi" inatoka "yawadi", unadhani umelogwa. Za Ufaransa ndiyo usiseme, hata A haipo mahali pake. Hilo linarekebishika kwa mipangilio na stika, wala lisikukatishe tamaa. Ila litumie kuombea punguzo.

Deni kubwa zaidi ni umri. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida. Mashine iliyobaki huko bila huduma ni kama nyumba isiyozibwa matundu: itakaa, lakini panya wanajua njia. Na Windows 11 haipokei kila mashine. Kwa upande wa Intel, inataka kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017 kuelekea 2018.

Utajuaje kizazi? Rahisi. Angalia namba baada ya kistari. i5-8250U inaanza na 8, hiyo ni kizazi cha nane, chukua. i5-6300U inaanza na 6, hiyo ni ya sita, omba bei ishuke sana. Za kizazi cha kumi na kuendelea zinaanza na 10, 11, 12 hivyo hivyo. Usidanganyike na stika ya i7 iliyobandikwa mbele. i7-3520M ni ya mwaka 2012! Mtu anakutajia "i7" kwa sauti nzito kama anakutangazia mshindi wa bahati nasibu, kumbe anakuuzia babu mwenye suti.

Na kama mashine yako ni ya zamani na bado nzima, usiitupe. Kuna Linux, kwa mfano Linux Mint, ya bure kabisa, na mashine inakuwa nyepesi. Kuandika, kutazama muvi, kuingia mtandaoni, vyote vinakwenda. Tena Kiswahili tulishawahi kukitendea haki huko: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Hatukuanza jana, sema tunasahau.

CHROMEBOOK, MTOTO WA INTANETI

Aina ya tatu ni Chromebook. Hizi ni ndogo, bei chee, zinawaka haraka, virusi vya mtaani hazivijui. Shule za Marekani zimezitumia kwa mamilioni, na zikizeeka nyingine zinaishia kwenye meza za mitumba. Hazitumii Windows, zinatumia mfumo wa Google, na kazi zake nyingi zinategemea intaneti.

Hapo ndipo pa kufikiria. Ukiwa na bando na mtandao umetulia, raha mustarehe. Lakini unakumbuka Mei 12 mwaka 2024? Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kubembeleza. Siku kama zile mwenye faili zake ndani ya mashine anaendelea na kazi. Mwenye kila kitu mtandaoni anaangalia kioo.

Kuna mawili ya kuangalia kabla. La kwanza, kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya kuhudumiwa na Google, kama tarehe ya dawa. Mwaka 2023 Google walitangaza miaka 10 ya huduma, lakini inahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, siyo tangu siku uliponunua wewe Kibaoni. Nyingi za mtumba zimeshapita au zinakaribia. La pili ni baya zaidi: nyingine bado zimesajiliwa na shule ya huko zilikotoka. Mshikaji mmoja wa Mang'ula alinunua moja, akaiwasha kwa bashasha, ikamwandikia kwamba inasimamiwa na shule fulani ya Marekani, aingize jina la mwanafunzi. Ameifuta mara tatu, inarudi pale pale. Muuzaji alikuwa mpita njia, hana duka. Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenzetu alitembelewa.

UMEME, JOTO NA WADUDU WETU

Ushauri mwingi wa laptopu umeandikwa na watu wanaokaa kwenye viyoyozi. Sisi tunakaa bondeni. Maji ya mito ya upande wetu yanazungusha mitambo ya Kidatu, megawati 204, tangu mwaka 1975, na ya Kihansi, megawati 180, na bado yanakwenda kulisha bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lililoanza kuzalisha umeme Februari 2024. Taifa zima linawaka kwa maji yetu. Lakini umeme ukikatika mtaani kwako hautaji uzalendo, unakatika tu.

Kwa hiyo kwa mtu wa huku betri siyo pambo. Ukiwa na sola yenye betri ya volti 12, Ah 50, na ukatumia nusu tu ya umeme wake ili usiiue, una kama wati-saa 300. Ile mashine ndogo ya wati 10 utaiendesha zaidi ya saa 20 hata ukitoa unaopotea njiani. Mtumba wa i5 unaokula 15 au 20 utapata nusu ya hapo. Kama wewe ni wa kijijini na sola ndiyo TANESCO yako, hesabu hii inaweza kukufanya uchague kile kidogo ambacho nimekisema vibaya huko juu. Kila mtu na mazingira yake.

Joto nalo. Laptopu yenye feni inapumua kwa matundu ya chini na ubavuni. Ukiiweka juu ya godoro umeiziba pua. Weka kwenye meza, au hata juu ya sinia lililogeuzwa. Mara moja kwa mwaka fundi aifungue, apulize vumbi na kubadilisha dawa ya prosesa. Zile zisizo na feni hazivuti vumbi, lakini mchana wa kiangazi zikichemka zinajipunguza mwendo zenyewe. Usiipige makofi, inajiokoa.

Vioo vya bei rahisi vina mwanga hafifu. Ndani ya chumba safi kabisa, lakini toka nayo nje jua la saa saba uone: badala ya barua yako utaona sura yako. Na masika mjue kuna unyevu na kuna sisimizi wanaopenda mahali pa joto. Usiiache wazi usiku, na usiiweke chini. Masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliingia bondeni, watu wakakimbia na watoto na godoro. Laptopu unaweza kuibeba. Usipoweza, basi kazi zako ziwe zimeshahifadhiwa mahali pengine: nakala moja kwenye flashi, nakala nyingine mtandaoni. Mashine inanunulika upya. Tasnifu ya miezi sita hainunuliki.

KABLA HUJATOA MSHIKO

Nenda na mtu anayejua, au nenda na karatasi hii. Fanya hivi:

Iwashe mwenyewe tangu imezimwa, usikubali kuikuta inawaka. Ikidai nenosiri kabla hata Windows haijaja, iache, hiyo ilifungwa na ofisi ilikotoka au imeibwa.

Chomoa waya. Kaa nayo nusu saa ukicheza video. Ukiona betri imeshuka kutoka 100 mpaka 40, ujue bei ya betri mpya itoke kwenye bei yake.

Bonyeza kila herufi. Chomeka flashi kila tundu. Jaribu kamera, spika, intaneti ya hewani. Fungua na kufunga kioo ukitazama kama kinapepesuka.

Angalia ndani ya mipangilio, siyo kwenye stika: prosesa namba ngapi, RAM ngapi, diski ngapi. Na diski za nje za "terabaiti 2" za bei ya kutupwa, kimbia. Nyingi ni usanii: zinajiandika kubwa, ukishajaza kidogo zinameza faili.

Uliza swali moja ambalo muuzaji feki halipendi: "Kaka, nyuma inafunguka? Diski na RAM zinabadilika?" Akianza longolongo, umepata jibu.

Dai risiti. Usione haya. Ukinunua mkononi kwa mtu usiyemjua, siku polisi wakija kuulizia mali ya wizi, utaeleza nini?

Na chaja ulizia volti na wati zake, ilingane na ya mashine. Chaja feki ni muuaji, inaua kimyakimya.

SASA NICHUKUE IPI?

Ukinibana ukutani nitakujibu hivi. Mwanafunzi wa chuo, mwenye steshenari, mwalimu, mtu wa ofisi ndogo: mtumba wa ofisini, kizazi cha nane au zaidi, RAM GB 8, SSD ya GB 256, hata kama sura yake haivutii. Wa kijijini kwenye sola, anayeandika na kusoma tu: mpya ndogo, lakini siyo chini ya GB 128. Chromebook: kwa mwenye intaneti ya uhakika tu, na baada ya kuangalia tarehe na kuhakikisha haina mwenyewe huko Marekani. Wa kutengeneza muziki na kukata video: ndugu yangu, bei rahisi siyo ya kwako, vumilia msimu mwingine, au changeni na wenzako mnunue moja ya maana.

Na nyie wadogo zangu mnaowaendea wazazi: msiwaambie bei tu. Waambieni itakatwa nini na italipwaje. Mzee anayejua mpunga anaelewa haraka. Yeye mwenyewe akinunua jembe anaangalia mpini unaobadilika, siyo rangi. Ukimweleza hivyo, atakuelewa kuliko ukimtajia i7.

Kwa leo ni hayo tu, mpenzi msomaji. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu yale ya moyo, maana najua mmeyakumbuka. Tukutane panapo majaaliwa. Alamsiki!